Maswali ya Wasomaji: Maneno ya Upendo na Kujaliana katika Kichina cha Kila Siku

Barua nyingi zilizotufikia baada ya makala yetu ya salamu za Kichina zinauliza jambo moja kwa sura mbalimbali: mtu atamwonyeshaje mwenzake Mchina kwamba anampenda, anamjali au anamheshimu, bila kuishia kwenye “nǐ hǎo” na “xièxie” peke yake? Nimechagua barua saba. Kichina ninachokizungumzia ni Kichina sanifu, yaani Kimandarini, nami ninakiandika kwa pinyin, mfumo wa herufi za Kilatini uliopitishwa rasmi nchini China mwaka 1958. Naomba msiziruke alama zilizo juu ya irabu, kwa sababu ndizo zinazoonyesha toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti katika silabi, na maana ya neno hutegemea toni.

Shikamoo Mwalimu. Nina mchumba kutoka mkoa wa Sichuan ambaye anafanya kazi hapa Nairobi. Hajawahi hata siku moja kuniambia “wǒ ài nǐ”. Nikipiga chafya ananiambia ninywe maji ya moto, nikitoka jioni ananiambia nivae sweta, na kila siku ananiuliza kama nimekula. Je, huyu ananipenda, au ananiona mtoto? (Msomaji, Nairobi)

Marahaba, mwanangu. Kwa haya uliyoyaeleza, mchumba wako anakwambia kila siku kwamba anakupenda, ila anakwambia kwa namna aliyoizoea kwao.

Sentensi wǒ ài nǐ haina ugumu wowote wa sarufi: wǒ ni mimi, nǐ ni wewe, na ài, kupenda, limekaa katikati bila kubadilika. Ugumu uko kwenye uzito wake. Wapo wazee wengi wa China waliokaa kwenye ndoa miaka mingi, wakalea watoto na wajukuu, bila kuitamka sentensi hiyo hata mara moja, na wapo wazazi wengi ambao hawajawahi kuwaambia watoto wao maneno hayo ingawa wako tayari kujinyima kila kitu kwa ajili yao. Vijana wa mijini wamebadilika, hasa katika ujumbe wa simu, ambako hufupisha wakaandika “ài nǐ” tu, na ufupisho huo huyapunguzia maneno uzito kidogo. Wanaoanza kupendana husema “wǒ xǐhuan nǐ”. Xǐhuan ni kitenzi hicho hicho ambacho mtu hukitumia akisema anapenda wali au muziki, lakini kikielekezwa kwa mtu, uso kwa uso, huwa ni tamko la mapenzi. Kwa hiyo usimwambie hivyo mfanyakazi mwenzako kwa nia ya kumsifu tu, kwa maana ataelewa jambo jingine kabisa.

Upendo wa kila siku hupita kwenye chakula, nguo, usingizi na safari. “Chī fàn le ma?” ni kuuliza kama umekula. “Duō chuān diǎn” ni kukuambia uongeze nguo mwilini. “Zǎodiǎn shuì” ni ulale mapema. “Lùshang xiǎoxīn” ni uwe mwangalifu njiani, na “dào jiā gàosu wǒ” ni ukifika nyumbani unijulishe, maneno ambayo mama yeyote wa kwetu humwambia mwanawe anapopanda basi. Litazame umbo la duō chuān diǎn, linalorudi katika maneno mengi ya kujaliana: duō, yaani zaidi, kisha kitenzi, kisha diǎn, yaani kidogo. Ukilishika umbo hilo, unaweza kuunda mengine mwenyewe: duō chī diǎn, kula zaidi kidogo, na duō shuì diǎn, lala zaidi kidogo.

Kuhusu maji ya moto, usichukulie kwamba ni mzaha. Wachina wengi hunywa maji ya moto au ya uvuguvugu mwaka mzima, wakiamini kwamba maji baridi huudhoofisha mwili, na ndiyo maana kwenye treni na vituo vya reli vya China kuna mabomba ya maji yaliyochemshwa, ambayo abiria huyajaza kwenye chupa zao za chai. Anayekwambia “duō hē rè shuǐ” unapoumwa anakupa dawa ya kwanza aliyopewa na mama yake. Hata hivyo, haki yako nisiifiche: wasichana wa China wenyewe hulalamika juu ya mwanamume ambaye kila tatizo hulijibu kwa maneno hayo manne, bila kunyanyuka alipokaa. Mimi ningetazama kinachofuata baada ya maneno. Kama anakuchemshia maji hayo na kukuletea, au akiwa mbali anapiga simu usiku kuuliza kama homa imeshuka, basi una mtu.

Wewe nawe umjibu kwa lugha hiyo hiyo. Mwambie “nǐ yě zǎodiǎn xiūxi”, nawe pumzika mapema. Akisafiri mwandikie “wǒ xiǎng nǐ le”, nimekukumbuka. Akirudi kazini amechoka hata hawezi kusema, mwambie “wǒ xīnténg nǐ”, maneno yanayosema kwamba moyo wangu unauma kwa maumivu yako, na ambayo huambiwa mtu wa karibu tu. Siku ambayo moyo wako umejaa, “yǒu nǐ zhēn hǎo”, ni heri iliyoje kuwa na wewe, yatamgusa kuliko unavyodhani. Na ukitamani kuyasikia yale maneno matatu, si vibaya kuyaomba: “Wǒ xiǎng tīng nǐ shuō wǒ ài nǐ.” Ninataka kukusikia ukisema unanipenda. Huenda akaona haya mara ya kwanza, mpe muda.

Mwalimu, kuna rafiki yangu Mchina aliyeniandikia “520” tarehe 20 Mei, na chini yake “1314”. Nilidhani ni namba za siri. Zina maana gani? (Kijana, Kampala)

Tarakimu 5, 2 na 0 husomwa wǔ èr líng, na masikioni mwa Wachina zinakaribiana na wǒ ài nǐ. Kwa sababu hiyo tarehe 20 mwezi wa tano imekuwa siku ya wapendanao, na watu hutumiana kwa simu fedha zenye tarakimu hizo: yuan 5.20 kwa mwenye mfuko mwepesi, yuan 520 kwa mwenye uwezo. Nazo 1314, yī sān yī sì, zinafanana kwa sauti na yì shēng yí shì, yaani maisha yote. Rafiki huyo amekwambia anakupenda milele. Kama nawe unampenda, mrudishie namba zile zile. Na kama humpendi, mjibu kwa upole na mapema, kwa kuwa namba hizo hazitumwi kwa rafiki wa kawaida.

Mwalimu, mimi ni mfanyabiashara wa mabegi na viatu Kariakoo, na mzigo wangu ninaufuata Guangzhou. Wauzaji wa huko huniita “měinǚ”, na kwenye ujumbe huniandikia “qīn”. Mume wangu aliuweka ujumbe mmoja kwenye programu ya kutafsiri, ikatoka “mpenzi, kipenzi chako kimetumwa”. Tangu siku hiyo nyumbani hakukaliki. Tafadhali nieleze. (Mama wa biashara, Dar es Salaam)

Dada, mwonyeshe shemeji ukurasa huu, asome mwenyewe.

Qīn ni ufupisho wa qīn'ài de, mpendwa, na ni kweli kwamba wapenzi huitana hivyo. Lakini katika Taobao, soko la mtandaoni lililoanza mwaka 2003, wauzaji waliligeuza kuwa neno la kumkaribisha mteja, na kutoka hapo likaenea kwenye biashara nyingine. “Qīn, zài ma?” si zaidi ya “mteja wetu, upo?”. Ni sawa na barua ya benki inayoanza kwa “mpendwa mteja”, ambayo hakuna mume aliyeionea wivu. Nacho hicho “kipenzi kilichotumwa” ni neno bǎobèi. Nyumbani bǎobèi ni mtoto au mpenzi, lakini katika soko lile lile la Taobao bidhaa yenyewe huitwa bǎobèi, yaani kitu cha thamani. Bila shaka muuzaji aliandika “bǎobèi yǐjīng fāhuò le”, na maana yake ni kwamba mabegi yako yameshasafirishwa.

Měinǚ ni mrembo, na wanaume huitwa shuàigē, kijana mtanashati. Haya huitwa watu wasiofahamika majina, sokoni na mikahawani, bila kujali sura wala umri, na kwa Kikantoni, lugha ya wenyeji wa Guangzhou, utasikia “leng neoi” kwa maana hiyo hiyo. Wauza nguo wa Kariakoo nao huwaita wapita njia dada, mrembo na bosi, na hakuna anayechumbia.

Lililo muhimu kwako ni kujua utakavyorudisha ukarimu huo, maana biashara ya Guangzhou, kama ya Kariakoo, hujengwa kwa kujuana. Mwanamume mwenye duka mwite lǎobǎn, na mwanamke mwenye duka mwite lǎobǎnniáng. Mwanamke aliyekuzidi umri kidogo, ambaye mmeshafanya biashara mara kadhaa, mwite kwa jina lake la ukoo ukiongeza jiě, dada mkubwa: Wáng jiě, Chén jiě. Neno hilo moja hukuondoa kwenye kundi la wateja wapitao. Ukitaka kupunguziwa bei, tangulia kusema “wǒmen shì lǎo péngyou le”, sisi ni marafiki wa siku nyingi sasa, kisha ndipo useme “piányi yìdiǎn ba”, punguza kidogo basi. Neno moja la kuepuka ni xiǎojiě kwa mhudumu wa kike. Vitabu vya zamani hufundisha kwamba ni “bibi” au “binti”, lakini katika sehemu nyingi za China bara limechukua maana ya kumvunjia mwanamke heshima. Mwite fúwùyuán, mhudumu.

Mwalimu, asalaam alaykum. Mwanangu wa kiume amemwoa binti wa Kichina waliyesoma pamoja Nanjing, na sasa wazazi wa binti wanakuja Mombasa kututembelea. Sijui niwaiteje wala niwakaribisheje kwa lugha yao. Isitoshe, mke wa mwanangu ameniomba nisimwambie “xièxie” kila mara. Hilo limenitatiza, kwani mimi nimelelewa kushukuru. (Mama, Mombasa)

Wa alaykum salaam, mama, na hongera kwa kupata mkwe.

Wazazi wa pande mbili za ndoa, kwa Kichina, ni qìngjia. Kwa maandishi ya Kichina, herufi ya kwanza ni ile ile ya qīn niliyoieleza juu, ila katika neno hili husomwa kwa toni inayoshuka na huishia kwa ng. Baba wa binti ni qìngjia gōng, mama yake ni qìngjia mǔ. Ukimpokea mama huyo uwanja wa ndege ukamwita qìngjia mǔ, utakuwa umemwambia kwa neno moja kwamba nyumba yenu na yake zimeungana. Naye binti, kwa desturi ya harusi za Kichina, siku ya ndoa huacha kuwaita wazazi wa mumewe “mjomba” na “shangazi” wa heshima tu, akaanza kuwaita bà na mā. Kubadili huko kuna jina lake, gǎikǒu, na wazazi humkabidhi bahasha nyekundu yenye fedha anapowaita hivyo kwa mara ya kwanza. Kwa hiyo akikuita mā, hakuna jina kubwa zaidi analoweza kukupa. Muitikie kama mwanao.

Katika ukoo, Wachina wako karibu nasi kuliko wengi wanavyofikiri. Kaka mkubwa wa baba ni bóbo, mdogo wake ni shūshu, kama tunavyotenganisha baba mkubwa na baba mdogo. Dada wa baba ni gūgu, shangazi hasa. Kaka wa mama ni jiùjiu, mjomba. Dada wa mama ni yímā. Mtoto wa Kichina hufundishwa kumwita kila mkubwa kwa jina linalomstahili anapoingia mlangoni, kabla hajakaa, na asiyeita huambiwa hana adabu, jambo ambalo kwetu halihitaji maelezo. Waandikie watoto wa nyumbani majina haya kwenye karatasi, wajifunze kuwaamkia wageni: bibi mzaa mama wa mjukuu utakayejaliwa ataitwa wàipó au lǎolao kulingana na eneo atokalo, nawe uliye mama wa baba utaitwa nǎinai.

Sasa shukrani. Xièxie ni neno zuri, na mgeni, muuza duka au dereva huambiwa bila tatizo. Lakini ndani ya nyumba, kumshukuru mtu wako kwa kukupa kikombe cha maji, kisha kwa kukusogezea kiti, kisha kwa kukufungulia mlango, kwao huashiria kwamba bado unahesabu wema kama deni. Wana msemo: “Yì jiā rén bù shuō liǎng jiā huà”, watu wa nyumba moja hawasemezani kama watu wa nyumba mbili. Mke wa mwanao hakukatazi adabu. Anakuomba umhesabu kuwa ni wako. Pengine ameshakwambia pia “bié jiànwài”, usijifanye mtu wa nje.

Badala ya xièxie, mpe neno ambalo wewe unalo tayari moyoni. Akitoka jikoni akiwa na jasho usoni, mwambie “xīnkǔ le”. Hili ni “pole na kazi”, halina tofauti. Wazungu wengi wanaojifunza Kichina hulihangaikia kwa sababu kwao halina neno la kulingana nalo, lakini Mswahili aliyezoea kumwambia aliyetoka safari “pole kwa safari” na aliyebeba mzigo “pole kwa mzigo” hulitumia mahali pake bila kufundishwa mara mbili. Mimi huliweka juu kabisa katika orodha ya maneno ya upendo ambayo mwanafunzi wa kwetu ajifunze.

Wageni wakifika mlangoni, sema “kuài jìn lái”, ingieni upesi, kisha “qǐng zuò”, karibuni mkae. Mezani sema “bié kèqi, duō chī diǎn”, msione haya, kuleni zaidi. Mama mkwe mwenzio huenda akachukua kipande kizuri cha samaki akakiweka kwenye sahani yako bila kukuuliza. Huko ni kukuenzi. Kile ukifurahie, nawe mpakulie kwa kijiko safi cha kupakulia. Akisifu pilau yako kwa kusema “hǎochī”, tamu, hutakiwi kujikana wala kuomba radhi kwamba chumvi imezidi. Mjibu “xǐhuan jiù duō chī diǎn”, ukiipenda basi ongeza. Wakati wa kuaga, mgeni atakwambia “bié sòng le”, usitusindikize, nawe utamsindikiza vile vile hadi garini, kama desturi yenu wote inavyotaka, ukisema “màn zǒu”, nendeni polepole.

Shikamoo Mwalimu. Ninasoma Kichina chuoni. Kila nikimwambia mwanafunzi mwenzangu kutoka China kwamba ninataka kumuuliza jambo, hucheka na kuficha uso. Nimekosea wapi? (Mwanafunzi, Mwanza)

Marahaba. Umekosea toni ya neno moja. “Kuuliza” ni wèn, kwa sauti inayoshuka kwa nguvu. Wěn, kwa sauti ya chini inayozama, ni kubusu. Wewe umekuwa ukisema “wǒ xiǎng wěn nǐ”, ninataka kukubusu, mbele za watu. Sema “wǒ xiǎng wèn nǐ”, na wèn uitamke kama mtu anayetoa amri fupi: “Toka!”

Toni ni nne, pamoja na ile nyepesi isiyo na alama. Ya kwanza iko juu na imenyooka, ya pili hupanda, kama unapoitikia kwa mshangao “Eeh?”, ya tatu huzama chini, ya nne hushuka. Sisi tunayo mipando na mishuko hiyo, ila tunaiweka kwenye sentensi nzima. “Amefika” na “Amefika?” ni neno moja, na sauti ya mwisho ndiyo inayotofautisha habari na swali. Kwa Mchina kila silabi ina mpando au mshuko wake, na ukiuhamisha umebadilisha neno.

Hapo ndipo maneno ya mapenzi yanapowaponza wanafunzi wa kwetu kuliko maneno mengine. Mswahili akitaka kuonyesha upendo huivuta sauti na kuilegeza mwishoni, “ninakupenda saaana”, na kwa Kichina uvutaji huo huliharibu neno la mwisho. Wachina huupeleka ulaini huo kwenye vijineno vya mwisho wa sentensi ambavyo havina toni nzito: a, ya, ba, o. “Lùshang xiǎoxīn” peke yake inaweza kusikika kama agizo la askari, lakini “lùshang xiǎoxīn a” ni ya mama. “Zǎodiǎn shuì ba” ni ya mpenzi. Tamka maneno yote kwa toni zake kamili, kisha huruma yako yote uimalizie kwenye kijineno hicho. Ni zoezi dogo, na litakufikisha mbali kuliko kukariri majina ishirini ya kumwita mpenzi.

Kwa sauti nyingine, una mtaji zaidi ya unavyojua. Mwisho wa xiǎng ni sauti ya ng' ya ng'ombe. Usiiongezee g wala irabu, usiseme “shiangi”. B na p za pinyin hutofautiana kwa pumzi: bǎo ni p isiyo na pumzi, péng ni p inayopuliza. Wasikilize wazee wa Mombasa na Lamu wanavyotenganisha paa la nyumba na paa wa porini; huyu wa porini ana pumzi, na tofauti ndiyo hiyo. J ya pinyin ni ch isiyopuliza, q ni ch inayopuliza sana, na x iko kati ya s na sh, ncha ya ulimi ikigusa nyuma ya meno ya chini. Irabu ya hē na gē haimo katika Kiswahili: tamka o, kisha tandaza midomo kama anayetabasamu bila kuusogeza ulimi. Jambo la mwisho, toni mbili za tatu zikifuatana, ile ya kwanza hupanda kama toni ya pili. Nǐ hǎo hutamkwa ní hǎo, na katika wǒ xiǎng nǐ neno la katikati hupanda. Fanya mazoezi na mtu mwenye sikio. Chuo chako kama hakina mwalimu wa kutosha, Taasisi za Confucius, vituo vya kufundisha Kichina, zipo Dar es Salaam na Dodoma, na ile ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 2005, ndiyo ya kwanza barani Afrika.

Mwalimu, ninafanya kazi mgodini Kolwezi. Msimamizi wetu Mchina amefiwa na baba yake kwao, na hakuweza kusafiri kwenda kuzika. Tulikaa naye kimya kwa kukosa la kusema. Tungemwambia nini? (Msomaji, Kolwezi)

Kaka, kukaa naye kulikuwa jambo jema, na bado hamjachelewa kusema.

Mwambieni “jié āi”, neno la rambirambi linalomwomba mfiwa aizuie huzuni isimshinde. Kwa ukamilifu husemwa “jié āi shùn biàn”. Ongezeni “duō bǎozhòng”, ujitunze sana. Neno hili la pili mnaweza kuendelea kumwambia wiki zinazofuata, wakati wengine wameshasahau. Msitumie duìbuqǐ. Hilo ni la kuomba radhi kwa kosa ulilolitenda, kama “samahani” yetu, na mfiwa hahitaji samahani, anahitaji pole. Wala msimwambie “méi guānxi”, si kitu, au “bié kū”, usilie, kwa haraka ya kumtuliza.

Kwa mwana wa Kichina, kutokuwepo kwenye maziko ya mzazi ni jeraha juu ya jeraha, kwa kuwa wajibu kwa wazazi, xiào, ni nguzo ya maadili aliyolelewa nayo. Msimuulize kwa nini hakwenda. Mpelekeeni chakula cha moto chumbani, na mseme tu “chī yìdiǎn ba”, kula kidogo basi. Akitaka kumzungumzia baba yake, msikilizeni hata kama Kichina chenu ni kidogo.

Mwalimu, mimi ni muuguzi Unguja. Daktari wa Kichina tuliyefanya naye kazi wodini anamaliza muda wake na kurudi kwao Jiangsu. Tunataka kumwandikia kadi fupi ya kumuaga. Tuandike nini? (Muuguzi, Zanzibar)

Madaktari wa Kichina wamekuwa wakija Zanzibar tangu mwaka 1964, na mkoa unaowatuma ni huo huo wa Jiangsu, kwa hiyo kadi yenu itasomwa na watu wanaoifahamu Unguja hata kabla ya kufika. Anzeni kwa jina lake la ukoo na cheo, mfano Wáng yīshēng, Daktari Wáng, kwa mpangilio huo, jina likitangulia. Tumieni nín badala ya nǐ, kwa kuwa ndiyo “wewe” ya heshima. Maneno matatu yanatosha: “Nín xīnkǔ le”, pole kwa kazi yote uliyoifanya, “wǒmen huì xiǎng nín de”, tutakukumbuka, “yí lù píng'ān”, safari ya salama. Kwa herufi zao yaandikwe hivi: 您辛苦了。我们会想您的。一路平安。 Mwombeni mmoja wa wenzake ayaandike kwa mkono, kisha kila mmoja wenu aweke sahihi yake kwa Kiswahili.

Mkipenda kuongeza “cháng liánxì”, tuwasiliane mara kwa mara, basi litimizeni. Mwaka mpya wa Kichina huangukia kati ya tarehe 21 Januari na 20 Februari kulingana na mwezi mwandamo. Siku hiyo mtumieni ujumbe wa “Chūnjié kuàilè”, na ulizeni habari za wazazi wake kabla ya kuuliza za kazi.